Hilo shuka linavutwa chini na nini? Namna vitabu vya sayansi vinavyotubebea fizikia na hesabu ngumu

Wiki kadhaa zilizopita dogo mmoja wa kidato cha tatu ninayemfundisha tuisheni hapa Mwanga, Kigoma mjini, alikuja na simu ina pdf ya kitabu cha fizikia, siyo kile cha shule, ni vile vitabu vya watu wa kawaida ambavyo mtu anasoma tu kwa sababu anataka kujua ulimwengu unaendaje, akanionesha picha moja. Wengi mtakuwa mmeiona. Shuka limekamatwa pande nne likakazwa hewani, katikati pamewekwa mpira mzito pamebonyea, pembeni kuna goroli linauzunguka ule mpira, na maelezo ya chini yanasema graviti, ule mvutano unaoangusha vitu, ndo hiyo, Jua limekunja anga, yaani ile nafasi vitu vilimo, na Dunia inafuata mkunjo. Dogo akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Ticha samahani, sasa hilo shuka lenyewe linavutwa chini na nini?"

Nilinyamaza kidogo. Maana ukifikiria vizuri, mpira umebonyeza shuka kwa sababu graviti ya Dunia inauvuta kwenda chini, na goroli linateremka kuelekea kwenye shimo kwa sababu hiyohiyo. Yaani picha inaeleza graviti kwa kutumia graviti. Ni kama mtu akuulize unga ni nini, ukamjibu ni kile kinachokaa kwenye mfuko wa unga.

Nikamwambia swali lako ni zuri kuliko ile picha, nipe siku mbili. Na katika hizo siku mbili nikajikuta nawaza jambo kubwa zaidi, kwamba hivi vitabu ambavyo vimenilea mimi na vimelea watu wengi wanaopenda sayansi bila kuwa na maabara wala chuo karibu, vinafanyaje kazi kwa ndani? Mtu anachukuaje kitu ambacho wataalamu wanakisoma miaka kumi kwa hesabu nzito akakiweka kwenye kurasa mia mbili ukakisoma umekaa kwenye benchi stendi ukisubiri gari? Na wapi anatubeba kweli, na wapi anatushusha njiani bila kutuambia tumeshushwa?

Tuanze na fomula, maana ndiyo hofu ya kwanza ya waandishi wote hawa. Mwanafizikia Stephen Hawking alipotoa kitabu chake kuhusu wakati mwaka 1988, aliandika mwanzoni kwamba kuna mtu alimwambia kila fomula atakayoweka itapunguza mauzo kwa nusu, basi akaacha zote akabakiza moja tu, E=mc², yaani nishati ni uzito mara mwendo wa mwanga mara mwendo wa mwanga tena. Kitabu kiliuzwa mamilioni ya nakala dunia nzima, na tangu hapo waandishi wengi wakashika hilo kama sheria. Mimi sikubaliani nalo. Fomula siyo mzigo, fomula ni sentensi iliyofupishwa, na tatizo la vitabu vingi ni kwamba vinakuonesha ile E=mc² kama picha ya ukutani halafu vinaendelea na safari, havikukalishi chini ukaitumia.

Hebu tuitumie sasa hivi. Chukua gramu 1 ya chumvi ya Uvinza, ile unayookota kwa ncha ya kijiko. Kwa kilo ni 0.001. Ile c ni mwendo wa mwanga, mita milioni 300 kwa sekunde, ukiizidisha kwa yenyewe unapata 9 yenye sifuri 16 nyuma yake. Zidisha na 0.001, umepata jouli trilioni 90. Jouli ni nini kwa mtu wa kawaida? Uniti 1 ya umeme, hizi tunazonunua kwa LUKU, ni jouli milioni 3.6. Gawanya. Uniti milioni 25. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi ingekaa zaidi ya miaka 27,000 kwa ile chumvi ya ncha ya kijiko. Hapo fomula imeingia mwilini. Halafu mwandishi mwema anakuongezea kitu ambacho wengi wanakiacha, kwamba hamna mtu anayeweza kuibadilisha ile gramu yote kuwa nishati, hata kwenye kinu cha urani kinachogeuka nishati ni chini ya sehemu moja ya elfu ya uzito uliotumika. Bila hiyo nyongeza msomaji anaondoka akiamini chumvi inaweza kuwasha mji.

Njia ya pili, na ndiyo wanayoitumia zaidi, ni mfano. Hapa ndo kuna utamu wote na ajali zote.

Mfano ni kama mtumbwi, unakuvusha kutoka unachokijua kwenda usichokijua, lakini kila mtumbwi una mahali ambapo lazima ushuke utembee kwa miguu, na mwandishi asipokuambia hapa ndo mwisho, utaendelea kukaa ndani huku umeshakwama kwenye mchanga. Nitoe mfano wa kosa nililolifanya mimi mwenyewe darasani. Nilikuwa nafundisha kwamba kwa Einstein wakati haufanani kwa watu wote, nikaona sisi tuna bahati, maana sisi tunasema saa mbili asubuhi wakati saa ya mkononi inaonesha 8, na tena hapa Kigoma ukivuka kwenda Bujumbura unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Nikawaambia wanafunzi, mnaona, wakati unategemea ulipo. Wakafurahi sana, na mimi nikafurahi. Lakini nilikuwa nimewapoteza. Hizo ni tofauti za kuita tu. Mtu wa Bujumbura na mtu wa Kigoma wanakubaliana kabisa tukio lipi limetangulia, wameanza tu kuhesabu sehemu tofauti, ongeza moja mambo yanaisha. Alichosema Einstein mwaka 1905 ni kizito zaidi, kwamba watu wawili wanaweza kutofautiana kuhusu tukio lipi limetangulia, na wote wako sahihi, na hakuna namba ya kuongeza itakayowapatanisha.

Einstein mwenyewe alitoa kitabu cha watu wa kawaida mwaka 1917, na mfano wake ulikuwa treni na radi. Nitauleta stesheni ya Tabora, maana pale reli ya kati inagawanyika, moja Mwanza moja huku kwetu, na wengi wetu tumeshalala pale tukisubiri behewa.

Tuseme treni inatoka Dar inakuja Kigoma, inapita Tabora bila kusimama. Mama anayeuza asali amesimama pembeni ya reli. Radi mbili zinapiga, moja kichwa cha treni na nyingine mkia, na mama yuko katikati kabisa ya zile alama mbili zilizobaki kwenye reli. Mwanga wa radi zote unamfikia pamoja, umbali ni sawa, kwa hiyo anasema zimepiga pamoja. Ndani ya treni, katikati kabisa ya mabehewa, amekaa dada mmoja dirishani. Wakati mwanga unasafiri, treni inamsogeza kuelekea mbele, kwa hiyo mwanga wa radi ya mbele unamfikia kabla ya ule wa nyuma.

Hapa vitabu vingi vinasema "kwa hiyo kwake radi ya mbele ilitangulia" na kufungua sura mpya. Na msomaji makini anabaki na kinyongo, anasema hapana bwana, huyo dada amechelewa tu kupata habari ya nyuma, kama vile ngurumo inavyochelewa baada ya radi, akipiga hesabu zake atajua zilipiga pamoja. Kinyongo hicho ni halali kabisa. Kitu kilichorukwa ni kimoja, na ndicho moyo wa jambo lote: mwanga, kila anayeupima, awe amesimama awe anakimbia, anapata mwendo uleule. Sauti siyo hivyo, sauti inasafiri kwenye hewa, ukikimbilia inakotoka utasema imenifikia haraka kwa sababu nimeifuata. Dada wa dirishani hawezi kujitetea hivyo. Yeye yuko katikati ya treni yake, mbele na nyuma umbali sawa, na kwa vipimo vyake mwanga wa pande zote mbili umekuja kwa mwendo mmoja. Ukiwa na umbali sawa na mwendo sawa halafu mmoja umefika kwanza, basi huo ulianza kwanza. Hana pa kukimbilia. Radi ya mbele ilipiga kwanza, kwake, kweli kabisa, na mama wa asali naye hajakosea.

Soma hiyo aya tena kama haijakaa, mimi nilihitaji miaka. Na kwanini hatujawahi kuligundua kwenye treni? Kwa sababu treni yetu ni polepole mno. Ukisafiri masaa 10 kwa kilomita 60 kwa saa, saa yako inabaki nyuma ya saa za stesheni kwa sehemu kama 56 tu za sekunde moja uliyoikata vipande trilioni. Namba hiyo vitabu vinaiacha kwa kuogopa kuchosha, lakini mimi naona ndiyo inayomtuliza msomaji, inamwambia akili yako haikuwa mbovu, ulikuwa huna kifaa cha kuona.

Sasa hesabu tupu, zile zisizo na kitu cha kushika. Watu wanadhani hizo ndo ngumu zaidi kuzieleza, mimi naona ni kinyume, angalau kwa baadhi. Kwenye fizikia mfano unasimama pembeni ya kitu chenyewe, lakini kwenye hesabu hadithi inaweza kuwa ndiyo kitu chenyewe. Mwanahisabati David Hilbert mwaka 1924 aliwaeleza wanafunzi wake hoteli yenye vyumba visivyo na mwisho. Tuijenge Tabora, karibu na stesheni, tuseme ni gesti. Vyumba vimepigwa namba 1, 2, 3 bila kuisha na vyote vimejaa. Anafika mgeni mmoja usiku. Mhudumu anagonga milango yote, kila mtu ahamie chumba kinachofuata, wa 1 aende 2, wa 2 aende 3, hakuna anayekosa kwa sababu hakuna chumba cha mwisho, na chumba namba 1 kimebaki wazi. Halafu inaingia treni ya abiria wasio na mwisho. Mhudumu hahangaiki, anasema kila mgeni azidishe namba yake mara mbili ahamie huko, wa 1 aende 2, wa 2 aende 4, wa 3 aende 6, vyumba vyote vya namba witiri vimebaki wazi na treni nzima inaingia.

Ni utani mtamu, lakini tuendelee mpaka mahali unapogeuka kuwa uthibitisho. Gesti ina daftari la wageni, na safari hii kila mgeni ni namba ya desimali isiyoisha, kama 0.3719 na kuendelea. Mhudumu anajigamba kwamba desimali zote zilizopo duniani, kati ya 0 na 1, zimeshaandikwa kwenye daftari lake, kila mstari mgeni mmoja. Wewe unamtengenezea mgeni mpya. Mgeni wa mstari wa 1, angalia tarakimu yake ya kwanza, kama ni 5 wewe andika 6, kama siyo 5 andika 5. Wa mstari wa 2, angalia tarakimu yake ya pili, fanya hivohivo. Wa 3, ya tatu. Endelea. Namba unayoipata imetofautiana na mgeni wa kwanza kwenye tarakimu ya kwanza, na wa pili kwenye ya pili, na wa milioni kwenye ya milioni, kwa hiyo haimo kwenye daftari. Mhudumu ameshindwa, na hata akiiongeza unamtengenezea nyingine. Desimali ni nyingi kuliko vyumba visivyo na mwisho. Kuna ukubwa zaidi ya mmoja wa kutokuwa na mwisho.

Hiyo siyo picha ya uthibitisho wa mwanahisabati Georg Cantor wa mwaka 1891, ndiyo hoja yenyewe, hakuna kilichofichwa. Dada yangu aliyeishia darasa la saba na anauza vitenge sokoni nilimweleza jioni moja na daftari lake la madeni, akashika akanirudishia mwenyewe bila kukosea. Kitabu kinachokupa kitu kama hicho kimekupa mali, ni yako mpaka kufa.

Lakini siyo hesabu zote zinakubali. Kila fundi ujenzi hapa Kigoma anajua tatu nne tano, akitaka kona ya msingi ikae sawa anapima 3 huku, 4 huku, na kamba ya mshazari ikija 5 amemaliza, kwa sababu 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na 9 na 16 ni 25, yaani 5 mara 5. Pierre de Fermat, Mfaransa, karibu mwaka 1637 aliandika pembeni ya kitabu chake kwamba ukiacha kuzidisha namba kwa yenyewe kama 3×3, ukaenda 3×3×3 au 3×3×3×3 au zaidi, hutapata namba nzima tatu za kufanya hivyo kamwe, na kwamba ana uthibitisho ila pale pembeni hapatoshi. Ilichukua zaidi ya miaka 350. Andrew Wiles alitangaza mwaka 1993, likaonekana tundu kwenye uthibitisho wake, akaliziba mwaka 1994 akisaidiana na Richard Taylor, ukachapishwa 1995, kurasa zaidi ya mia moja ambazo ni wataalamu wachache tu wanaziweza. Hapo kitabu cha watu wa kawaida kinafanyaje? Kinakupa mtu. Kinakupa mtoto aliyelikuta swali maktaba, miaka saba ya kujifungia, hofu ya lile tundu. Nimesoma hadithi hiyo zaidi ya mara moja na nilisisimka kila mara, siidharau hata kidogo. Ila msomaji ajue alichonunua: ameelewa swali, amemfahamu mtu, uthibitisho hajauona. Vitabu vingine vinakuacha ufunge ukurasa wa mwisho ukidhani umeuelewa, na hilo naliona ni kumkosea heshima msomaji.

Kuna mwandishi mmoja alikataa njia hizo zote mbili, ya mfano na ya hadithi ya watu, naye ni mwanafizikia Richard Feynman, kwenye kitabu chake cha 1985 kuhusu mwanga na elektroni. Fizikia ya kwantamu, ile ya vitu vidogo kabisa kama elektroni, zile chembe za ndani ya atomu, ndo kichaka kinachopoteza watu wengi kuliko vyote. Kawaida utaambiwa elektroni ni wimbi na ni chembe kwa wakati mmoja, halafu unapewa mawimbi ya ziwa. Na sisi wa ziwani tunayajua, ukikaa Kibirizi alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi, viwimbi vya boti mbili vinakutana, pengine vinapandana vinakuwa virefu, pengine vinauana maji yanatulia. Elektroni zikipitishwa kwenye matundu mawili zinafanya mistari ya namna hiyo ukutani, kuna zinapofika nyingi na kuna zisipofika. Mfano mzuri, lakini mtumbwi huu unakwama mapema. Wimbi la ziwa linapiga ufukwe mzima, kila jiwe linapata kidogo. Elektroni inatua sehemu moja, doa moja. Akira Tonomura na wenzake huko Japani mwaka 1989 walizipitisha moja moja, doa hapa, doa kule, kama mvua inavyoanza kwenye vumbi, na baada ya madoa maelfu ndipo mistari ikaonekana. Hakuna wimbi la ziwa linafanya hivyo.

Feynman yeye hakuleta ziwa. Alisema nitawafundisha kile hasa wanachofanya wanafizikia, ila kwa polepole. Kila njia ambayo elektroni inaweza kupita, chora mshale mdogo. Wakati wa safari mshale unazunguka kama mkono wa saa, ukifika unasimama ukielekea upande fulani. Ichukue mishale ya njia zote, iunganishe kichwa kwa mkia, pima kutoka mwanzo mpaka mwisho, zidisha urefu huo kwa wenyewe. Hiyo ndo nafasi ya elektroni kutua pale. Mimi nafundisha kwa njiti za kiberiti juu ya meza. Njiti mbili zikielekea upande mmoja, urefu ni 2, mara 2 ni 4, yaani tundu la pili limeongeza nafasi mara nne siyo mara mbili. Njiti mbili zikitazamana kinyume, umerudi ulipoanzia, urefu 0, hapatui kitu, ingawa kila tundu peke yake lingeleta elektroni pale. Wanafunzi wanazisogeza wenyewe kwa vidole na hakuna anayeuliza wimbi gani au chembe gani. Hawajadanganywa hata neno moja. Kwanini dunia inafuata mishale hakuna anayewaambia, Feynman naye hakujifanya anajua, na nadhani ndiyo maana kitabu kile kinaaminika.

Niseme na hili kuhusu lugha, maana linaniuma. Galileo mwaka 1632 alipotaka kueleza kwamba Dunia inazunguka Jua hakuandika kwa Kilatini cha wasomi, aliandika Kiitaliano, tena akafanya ni watu watatu wanapiga stori, mmoja anatetea jipya, mmoja la zamani, mmoja anauliza maswali. Yule wa kuuliza ndo msomaji. Watoto wetu wanasoma sayansi ya sekondari kwa Kiingereza, na wengi wanaokwama hawakwami kwenye wazo, wanakwama mlangoni. Dogo wangu angeulizwa kwa Kiingereza shuka linavutwa na nini pengine asingelisema lile swali kabisa. Na nchi hii imeshaona swali la mwanafunzi linafika wapi. Erasto Mpemba mwaka 1963 akiwa shule anatengeneza aiskrimu aliona mchanganyiko wa moto umeganda kabla ya uliopoa, akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa, hakuacha, baadaye akamuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyewatembelea, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana lini linatokea na kama linatokea kweli, lakini jina lake ndilo wanalolitumia kubishania.

Basi turudi kwenye shuka.

Dogo alipokuja baada ya siku mbili nilimwambia weka picha pembeni kwanza, kinachoangusha embe siyo anga kukunjwa, karibu chote ni wakati kukunjwa. Saa iliyo chini inakwenda polepole kuliko saa iliyo juu. Mwaka 2010 huko Marekani walipima kwa saa mbili zilizopishana sentimita 33 tu kwenda juu, wakaiona tofauti. Sisi tukapiga ya kwetu. Maji ya ziwa yako kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, Tabora ni karibu mita 1,200, tofauti mita 430. Zidisha na 9.8, ile namba ya graviti ya Dunia, gawanya kwa mwendo wa mwanga mara mwendo wa mwanga, zidisha na sekunde za mwaka ambazo ni kama milioni 31.5. Inakuja karibu sehemu moja na nusu ya milioni ya sekunde kwa mwaka. Mtu wa Tabora anazeeka mbele ya mtu wa Kibirizi kwa kiasi hicho. Dogo alicheka halafu akaacha kucheka, akarudia hesabu upya mwenyewe. Nikamwambia setilaiti za GPS zinazoongoza ramani kwenye simu yako ziko juu kilomita 20,000 na kitu, ukijumlisha athari ya urefu na ya mwendo saa zake zinatangulia kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, na mwanga kwa muda huo unakwenda zaidi ya kilomita 11. Wasingerekebisha, baada ya siku moja vipimo vingekuwa vimepotea kama kutoka hapa mjini mpaka kupita Ujiji.

Sasa kwanini wakati wa polepole chini unaangusha embe? Mtumbwi una wapiga kasia wawili, wa kushoto na wa kulia. Wa kushoto akipiga polepole, mtumbwi unakata kushoto wenyewe, hakuna aliyeuvuta. Vitu vinakata kuelekea upande ambao wakati unakwenda polepole. Nikamwambia na mwisho wa mfano hapohapo: mtumbwi una maji na una watu wanaosukuma, kwenye embe hakuna maji wala kasia, chukua tu lile wazo la upande wa polepole, mengine acha.

Akaandika. Akatulia. Halafu akasema, "Kwa hiyo Ticha, na mwanga wa nyota ukipita karibu na Jua unakata hivohivo?"

Nikamwambia Einstein alipiga hesabu hiyo mwaka 1911 kwa kutumia wakati peke yake, kama sisi na mtumbwi wetu, akapata namba fulani. Mwaka 1915 alipomaliza nadharia yake akairudia, ikaja mara mbili ya ile. Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipopatwa, Waingereza walipiga picha za nyota kutoka Sobral kule Brazili na kisiwa cha Príncipe huku pwani ya magharibi ya Afrika, na vipimo vikakaa upande wa ile kubwa. Wakati ulikuwa nusu tu ya jibu.

"Na nusu nyingine?"

Nusu nyingine ni shuka. Kwa embe shuka halina kazi karibu yoyote, kwa sababu embe linakwenda polepole, lakini kwa kitu kinachokimbia kama mwanga, mkunjo wa anga unaleta nusu nzima. Ila siyo shuka lenye goroli. Nikaazima faneli kwa mama wa jirani anayeuza mawese, tukaifuta, tukachukua selotepu tukaikata vipande viwili vyembamba. Selotepu ukiibandika bila kuilazimisha inakwenda moja kwa moja, ukiikunja upande inajikunja makunyanzi. Tukaanzisha vipande viwili pembeni ya faneli vikiwa sambamba, kimoja kinapita kushoto kwa mdomo mwembamba wa faneli, kingine kulia, kila kimoja kimenyooka bila kunyanzi hata moja. Vilipopita ule mdomo vikaanza kusogeleana, na kwa nyuma vikakutana.

Dogo akaishika faneli akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena ubavu. Selotepu zimekaa palepale, zimekutana palepale, chini kukiwa huku au kule. Alikuwa bado anaigeuza mama wa mawese alipotuma mtoto aje kuichukua, ana mteja na chupa.